Boti Ambayo Mjomba Hakuiamini

Baba yangu hasikii vizuri, na sababu yake ni boti. Hayo ndiyo maelezo yake mwenyewe, na kwa miaka mingi pale Mandawa, kijijini kwetu, hakuna aliyeyachukulia kwa uzito. Fikiria: mzee wa mikorosho na ufuta anakuambia masikio yake yaliharibiwa na boti ya doria ya jeshi la majini, tena yenye injini mbili za jamii ya zile za ndege. Yeye huziita tabaini. Anasema zilikuwa zinapiga mluzi mpaka mbavu zinaitikia, na boti ikiondoka inanyanyua pua, na wewe uliye chini kwenye mashine unashika chochote kilicho karibu.

Wa kwanza kucheka alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Shemeji na shemeji ni watani, na mjomba utani ameufanya ajira. Ana karasha kule Namungo, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kila akija nyumbani hodi yake ni moja: "Nahodha yupo, au kapaa na boti?" Baba hujibu kwamba boti hiyo ingepita Namungo, dhahabu yote ingekimbilia kwa wenye akili. Wakishatukanana vya kutosha, wanakula.

Ajabu ni kwamba karasha ya mjomba ikianza kukoroma vibaya, anayeitwa ni baba. Huenda na bisibisi yake ndefu. Ncha anaigusisha kwenye mashine, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Mfupa unamletea kile ambacho masikio yameshindwa. "Beringi ya kulia, haimalizi wiki," atasema, na kweli haimalizi. Niliwahi kumwuliza ujuzi huo aliupata wapi. "Botini," akajibu. Mjomba akadakia kwamba bisibisi hata kinyozi anayo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi Nachingwea, na udadisi ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa. Likizo moja nilimkalisha baba chini, nikamhoji kama polisi. Kumbe boti ilistaafishwa kabla yake. Ilikuwa na kiu ya mafuta isiyovumilika, na vipuri vyake vilikwishaadimika. Ikafungwa gatini, kambini Dar es Salaam, na baba akaachiwa aitunze. Kila asubuhi, kwa miaka, alishuka kwenye chumba cha mashine akazizungusha injini kwa mkono, mizunguko michache tu, ili mhimili usilalie upande mmoja ukapinda. Boti haiendi popote, lakini yeye anazungusha.

"Mashine isiyozungushwa hujisahau," aliniambia. Tangu alipokabidhi funguo na kurudi kulima, swali lake limekuwa moja: nani anaizungusha sasa?

"Wewe una simu kubwa," akasema. "Nitafutie iko wapi. Nijue kabla sijafa."

Nikatafuta. Namba ya mstaafu mwenzake ilipita mikononi mwa watu wanne ndipo ikanifikia. Mzee yule akanitumia ujumbe wa sauti: boti iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikavutwa nchi kavu, ikakatwa vipande. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, na aluminiamu ina wateja. Sikuridhika. Nikaenda kwa mnunuzi wa chakavu pale Nachingwea, nikamkuta anaponda makopo kwa nyundo, nikamwuliza aluminiamu ikishakatwa inakwenda wapi. Alinitazama kama niliyeuliza mvua inatoka wapi.

"Inayeyushwa, mwalimu. Inarudi sufuria."

Nilifurahi, sitaficha. Nilisimama pale nikifikiria boti iliyokuwa ikikimbiza wahalifu, leo inapika maharage ya mtu. Ndipo nikakumbuka ni nani aliyenituma, na furaha yote ikanitoka.

Nikadanganya. Mimi, ninayewafokea watoto wa watu kwa kunakili majibu, nilimpigia baba simu nikapaza sauti: "Ipo, baba! Wameihifadhi! Wameipaka rangi, watu wanakwenda kuitazama!" Akasema, "Alhamdulillahi." Nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza nimeyaanza. Baba aliamua kwenda Dar es Salaam kuiona. Alitangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa kwamba ufuta ukishavunwa tu, anapanda basi. Akatoa sandukuni suruali yake ya kaki. Mama akanipigia: "Mwanangu, baba yako anapiga pasi suruali ileile kila siku. Hata kuivaa haivai." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na mimi ya kwangu nilikuwa nauona mwisho wake: baba mbele ya lango la kambi, kaki imenyooka, anamwuliza mlinzi kwa sauti kubwa ya asiyesikia boti yake iko wapi. Halafu arudi Mandawa, msikiti mzima unamsubiri asimulie.

Kwetu habari mbaya haipelekwi na mtoto. Inapelekwa na mtani, kwa kuwa mtani anaweza kusema lolote na asichukiwe. Nikapanda bodaboda hadi Namungo, nikamweleza mjomba yote kwa kupiga kelele juu ya karasha. Akaizima mashine. Akafuta mikono kwenye kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mpwa wangu," akasema, "hii kazi uliyonipa ni chafu."

Tulifika Mandawa jioni. Baba alikuwa barazani. Mjomba hakuuliza kama nahodha kapaa. Alivua kofia, na kwa hilo tu baba akashtuka, akasimama.

"Shemeji," mjomba akapaza sauti, "pole. Ile boti yako imekufa. Imekatwa, imeuzwa chakavu. Mwanao alikudanganya kwa kukuhurumia."

Baba akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akamgeukia mjomba.

"Rudia."

"Boti yako imekufa, shemeji."

"Rudia tena. Sisikii."

Mjomba akapiga ukelele, majirani wakachungulia juu ya ua: "Boti yako imekufa!"

"Haya," baba akasema taratibu. "Miaka yote hii unasema haikuwepo. Kisichokuwepo kinakufaje?"

Mjomba akaanza kucheka, na baba akacheka, wakashikana mabega wazee wale wakicheka mpaka machozi. Machozi ya mjomba yalikauka. Ya baba yaliendelea kutoka.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. "Umenipigisha pasi bure," akasema, akinishika kichwa. Akajifuta uso kwa kiganja, na hapo nikajua nilikourithi ugonjwa wangu wa udadisi, maana swali lake la kwanza lilikuwa: "Na vyuma vyake? Vilikwenda wapi?"

Nikamwambia. Sufuria, huenda. Popote.

Aliingia ndani akatoka na bisibisi. Akaenda jikoni, mama alikokuwa anachemsha mihogo, akachuchumaa kando ya mafiga. Ncha akaigusisha ubavuni mwa sufuria, mpini akaubana nyuma ya sikio, akafumba macho. Mama akataka kuuliza, nikamzuia kwa mkono.

Baba akaisikiliza ikitokota.

"Inazunguka," akasema.