Majina Kumi na Manne

Niliandika neno "amekataa" mara tisa kwa wino mwekundu, na nakiri kwamba kila mara nilitulia kidogo kuangalia herufi zilivyokaa. Nilikuwa na miaka ishirini, katibu wa tawi dogo kuliko yote katika kata yetu, upande wa Qurus, na niliamini kwamba kazi ikishaandikwa vizuri imekwisha kufanyika. Naandika haya miaka minne tu baadaye, na bado masikio yanapata moto.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Chama kilikuwa kimoja tu nchini, lakini matawi hayakuwa sawa. Tawi la barabarani, kule magari ya watalii yanakopita kwenda kwenye kreta, lile shimo kubwa la wanyamapori, lilikuwa na ofisi ya bati, bendera mpya na mwenyekiti mwenye saa ya mkononi. Sisi tulikuwa na bendera iliyopauka, meza iliyoegeshwa kwa tofali, na mimi. Ndipo ikaja barua ya katibu kata: uchaguzi wa viongozi wa tawi ni Jumamosi ya wiki ijayo, nafasi ni saba, na kila nafasi iwe na wagombea wawili. Tawi litakalokosa majina kumi na manne litaunganishwa na la jirani.

Niliisoma barua hiyo nimesimama shambani katikati ya mbaazi, nikaogopa. Ningependa kusema nililiogopea tawi. Nilijiogopea mimi. Baada ya darasa la saba jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na tangu hapo nilijifundisha mwenyewe: magazeti yaliyofungiwa bidhaa dukani, kamusi ya kuazima, na kitabu cha uendeshaji wa mikutano, kisicho na jalada, alichoniachia mwalimu wa elimu ya watu wazima. Ukatibu ndio uliokuwa cheti changu. Tawi likiunganishwa, nabaki na mbaazi.

Ila woga wangu una tabia moja: ukizidi sana unageuka kuwa furaha. Siku ileile nilikimbia hadi kwenye baraza ya duka la kijiji, alikokaa fundi cherehani, dada aliyenizidi miaka mitatu hivi, ambaye hakuna habari ya kijiji iliyompita bila kusimama.

"Dada, nahitaji watu wa kujitolea."

"Wa kufanya nini?"

"Kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagombea, kusafisha ghala la kijiji kwa ajili ya mkutano, kubeba maji, kupika makande."

Akakata uzi kwa meno. "Makande umeyaweka mwisho. Ungeanza nayo, sasa hivi ungekuwa na watu kumi."

"Na wewe je?"

"Mimi umenipata tangu ulipotokea pale unakimbia. Nani mwingine atakwambia umefunga vifungo vya shati shaghalabaghala?"

Kufikia jioni tulikuwa na watu tisa. Vijana waliokuwa wakishinda barabarani wakingoja kibarua cha kupakia magunia walikuja na mafagio. Akina mama wakaahidi maharage, kila mmoja kikombe. Mtu akaanzisha wimbo wa kulima, akabadilisha maneno, akaweka jina la tawi letu ndani yake, nasi tukauimba tukishuka bonde na kupanda. Sikuwa nimewahi kuona tawi letu likiimbwa! Nilijifanya napiga chafya ili wasione machozi.

Kesho yake nikapiga mistari ya fomu kwa rula, nakala kumi na nne. Karatasi zilikuwa za shida kama sabuni, na mimi nikikosea herufi moja nachana naanza upya, kwa hiyo nilimaliza akiba nzima ya tawi na kubakiwa na karatasi hizo kumi na nne tu. Nikachukua kalamu mbili: ya bluu kwa wanaokubali, nyekundu kwa wanaokataa. Kitabu changu hakikusema hivyo. Niliongeza mwenyewe, na nilijivunia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mkunga aliyenipokea mimi mwenyewe siku niliyozaliwa. Ukungu ulikuwa bado umelala, nikamkuta mlangoni anapepeta ulezi.

"Aayo," nikamwambia, yaani mama, kama tunavyosema kwa Kiiraqw, "tunakuomba ugombee uenyekiti wa tawi."

Hakuinua macho. "Mimi? Mikono hii imezoea kupokea watoto, haijui kalamu. Nenda kwa wenye meno."

Nikamshukuru, nikatoa kalamu nyekundu. Sasa ndipo akaniangalia.

"Unaandika nini?"

"Jibu lako, Aayo."

"Haya. Andika."

Kisha akaniletea kibuyu cha mtindi. Nikasema nimeshiba. Akanisukumia. Nikasema, hapana Aayo, kweli nimeshiba. Akanisukumia tena, nikanywa hadi nikasikia kibuyu kinalia. Nikaondoka nikifuta midomo, na wala sikuona kitu.

Mwenye mashine ya kusaga alinijibu kwa kupiga kelele juu ya mashine yake: "Nisimame mbele za watu nina nini? Mashine inaongea kuliko mimi!" Nyekundu. Mzee mmoja Mmaasai, aliyekuwa akiishi na ng'ombe wake chini ndani ya kreta hadi wafugaji walipotolewa mle, alikuwa ameoa kwetu na kujenga pembeni mwa kijiji. Nilimtaka kwa nafasi ya mifugo. Alicheka hadi akaegemea fimbo.

"Kijana, mara ya kwanza nilipoandikwa kwenye karatasi ya serikali, nilihamishwa. Ukiniandika leo, nihamie wapi? Baharini?"

Nyekundu. Hivyo hivyo siku tatu, kilima kwa kilima, hadi majina tisa yakawa mekundu.

Siku ya pili fundi cherehani alinishika mkono njiani. "Katibu, mbona unaondoka mapema hivyo kwenye nyumba za watu?"

"Kitabu kinasema mtu asilazimishwe."

"Mwenye kitabu alizaliwa bonde gani?"

Nikajifanya sikusikia. Sababu ninaijua, na ni mbaya. Yeye, bila fomu na bila kalamu, alikuwa ameshapata wagombea watatu kwa kukaa tu na kuongea habari za mvua na vitambaa. Mimi nilikuwa sijapata hata mmoja. Niliyaandika majina yake matatu kwa bluu, na siku hiyo mwandiko wangu ulipinda.

Ijumaa nilikuwa na majina manne, na la nne lilikuwa langu. Mama alinikuta nimeinamia karatasi nikirekebisha nukta. Akasema, "Mwanangu, hata ukizipamba, ni nne." Sikulala vizuri.

Lakini Jumamosi yenyewe! Ghala lilikuwa limefagiliwa hadi sakafu ikang'aa. Makande yalikuwa yakichemka mlangoni kwenye masufuria mawili, fundi cherehani akiyasimamia kwa mwiko mrefu kama kasia. Watu walikuja kwa makundi wakiimba ule wimbo, na nilipowaona wamejaa hadi wengine wakakaa juu ya magunia, moyo ulinipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Watu wote hawa, na mimi nina majina manne.

Katibu kata alifika na pikipiki, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mzee mmoja akafungua mkutano kwa slufay, ile sala yetu ya baraka ambayo mmoja hutaja na wote huitikia: mvua ije kwa upole, ng'ombe wazae, maneno yetu yawe baridi. Tukaitikia hadi bati la ghala likavuma.

"Katibu wa tawi," akasema katibu kata, "soma taarifa yako."

Nikasimama. Kitabu kilisema taarifa iwe kamili na ya kweli. Kwa hiyo nikasoma majina yaliyokubali, kisha, ee Mungu wangu, nikasoma na yale mengine. Nilianza na mkunga. Nikataja jina lake mbele ya kijiji kizima, nikaongeza: "Amekataa."

Nikasoma la pili: amekataa. La tatu: amekataa. Minong'ono ikaanza nyuma, nami nikaongeza sauti nikidhani hawanisikii.

Mkunga akainuka polepole. "Nani amekataa?"

"Wewe, Aayo. Jumanne asubuhi."

"Nilikukatalia wewe. Ulikuja peke yako, ukaniuliza mara moja, ukatoa kalamu kama mtu anayekimbia mvua. Hawa hapa hawajaniomba. Ulitaka niseme ndiyo nikiwa napepeta ulezi? Wangesema nimekuwa nikikingoja kiti tangu ujana wangu!"

"Anayekubali mara ya kwanza ana lake jambo!" akapaza sauti mwenye mashine ya kusaga. "Na mimi pia sikukataa. Nilikuwa nasaga."

"Mimi niliuliza swali," akasema mzee wa ng'ombe. "Nilimuuliza nihamie wapi. Hakunijibu, akaandika."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikiwa nimesimama katikati yao na karatasi zangu, ndipo nikakikumbuka kile kibuyu cha mtindi. Nilikataa mara mbili nikanywa mara ya tatu, na hakuna aliyenifundisha, nilizaliwa nayo. Desturi hiyo niliijua kwenye maziwa, kwenye ugali, kwenye kiti cha mgeni. Haikunipitia akilini kwamba inafika hadi kwenye fomu.

Kuanzia hapo sikuongoza kitu tena. Mkutano ulikwenda wenyewe. Mmoja akamtaja mkunga; akakataa; upande mzima wa akina mama ukamwomba; akakataa; wakamwomba wakimshika mabega; akaketi kimya akitengeneza khanga yake. "Amekubali! Andika!" Wakamtaja mwenye mashine, naye akakataa kwa sauti kubwa mara mbili na mara ya tatu kwa sauti ndogo sana. Mzee wa ng'ombe aliombwa na wakweze wote kwa pamoja, akasema basi, lakini safari hii anayetaka kumhamisha aje na makande. Nilikuwa nikiandika mbio, bluu juu ya nyekundu, nafuta, nakata, jasho linadondoka kwenye mistari yangu ya rula. Sikumbuki siku nyingine niliyoandika vibaya hivyo kwa furaha hivyo.

Majina kumi na matatu, langu likiwamo. Ikabaki nafasi ya katibu.

"Katibu aliyepo," akaanza katibu kata, "je, yuko tayari kuge..."

"Ndiyo!" nikasema.

Sikumngoja amalize. Kijiji kilicheka hadi watoto nje wakachungulia. Mkunga akafuta macho kwa khanga. "Huyu! Maziwa huyakataa mara mbili, ukatibu kaumeza mzimamzima!"

Katibu kata naye alicheka, kisha akainua kidole. "Huyu ni mmoja. Nataka wa pili. Mkikosa, barua mnaijua."

Watu waliniangalia kwa huruma. Nadhani hakuna aliyetaka kunipinga baada ya aibu ile yote. Nao hawakujua nilichokijua. Jina la kumi na nne nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Wagombea watatu aliwaleta yeye, watu tisa wa kujitolea walikuja kwa ajili ya makande, ambayo yeye ndiye aliyeshauri yatajwe kwanza, na angejibu barua za kata bila kuchana karatasi hata moja. Nilijua nikimtaja atanishinda. Na nilijua nisipomtaja, sote tutakwenda tawi la barabarani tukae nyuma.

"Namtaja fundi cherehani," nikasema.

"Mimi?" akasema. "Nina nguo za watu."

"Dada, nakuomba."

"Mwandiko wangu kama kuku amekanyaga unga."

"Nakuomba. Mimi nimeandika vizuri wiki nzima na sikupata mtu. Wewe hukuandika kitu, ukawapata."

Hapo hakuna aliyecheka. Akayakoroga makande, akauinua mwiko, akaurudisha. "Usiniaibishe wewe, katibu. Kazi hii ni yako, unaipenda."

"Naipenda. Ndiyo maana nakuomba mara ya tatu."

Akanyamaza. Akina mama wakapiga vigelegele kabla hata sijainama kwenye karatasi, nikashtuka, na tone kubwa la wino likaanguka juu ya jina lake. Hakukuwa na karatasi nyingine. Nikaliacha lilivyo.

Katibu kata akahesabu majina: kumi na manne. Akagonga meza, tofali likateleza, meza ikainama, na tawi letu likabaki tawi. Tulirukaruka kama watu walioona mvua Oktoba.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mkunga alipata uenyekiti. Nafasi ya katibu nilihesabu mimi mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyekuwa bado na kalamu, na nilihesabu mara mbili kwa tabia yangu. Mikono ilikuwa mingi upande wa mlangoni, mingi mno kukosea.

Watu walipokuwa wakipakua makande, katibu mpya alikuja mezani, mikono bado ina moshi, akanisogezea daftari la muhtasari.

"Niandikie ya leo," akasema.

"Hapana, dada. Si kazi yangu tena."

Akalisukuma daftari.

"Hapana, kweli."

Akalisukuma tena, na juu yake akaweka bakuli la makande. Nikachukua kalamu ya bluu.