Kisiwa cha Thamani Sifuri

Kila adhuhuri wenzake wakienda kula, karani wa bohari ya misaada mjini Arua hupangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, hufungua faili la mchezo wake wa manowari, na kwa kidole kimoja hubadilisha thamani za makoloni na masharti ya uvamizi. Kisiwa kimoja amekiita Koboko, jina la kwao, mji wa mpakani alikotoka akikimbia vita mwaka wa themanini. Kiden, mpiga chapa anayebaki naye ofisini, humwona akikipunguzia thamani siku baada ya siku, adui asikitamani. Leo kimefika sifuri, na bado manowari zimetia nanga pale pale, zinashusha askari.

“Sasa hii kisiwa iko bure,” Kiden akasema. “Watu wanatafuta nini huko?”

Karani akapangusa kioo kisichokuwa na vumbi.

“Hapana tafuta kitu. Koboko iko njiani tu.”