Spiringi za Upande wa Klementina

Mayige hushona viti vya magari pale Bariadi, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hajui kusema haiwezekani. Mletee kiti kilichooza mpaka panya wamekihama, atakizunguka, atakigongagonga, kisha atasema, "Acha niangalie."

Ndivyo alivyomjibu mzee Januarius wa Nkololo, aliyefika na Pijo 404 yake akiwa amekalia gunia la pumba. Spiringi za kiti cha dereva zilikuwa zimekatika na mgongo ulimuuma. Mwanawe Deogratias alikuwa ameshakata shauri: kama baba hawezi kukaa, Jumatatu gari linachukuliwa na watu wa skrepa. Na gari lenyewe ndilo lililomleta nyumbani mke wa mzee, Felisita, akiwa bibi harusi. Mzee aliyasema hayo akitazama pembeni, na Mayige akamwonea huruma kwelikweli.

Spiringi za Pijo hiyo Bariadi hazipo, na fundi wa Mwanza alimcheka kwenye simu. Basi akatafuta waya wa kufungia marobota ya pamba, akauzungushia kwenye bomba, zikatoka spiringi nane za kupendeza. Alhamisi mzee akaondoka anachekelea. Ijumaa akarudi, kiti kimelalia kulia kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.

"Umepita wapi, baba?"

"Nyumbani tu. Nimesalimia watu."

Mayige akajipiga kipaji cha uso. Waya wa marobota ni laini, ukiukunja umekunjika, na yeye fundi mzima analijua hilo. Tena alisahau kwamba dereva wa Nkololo kazi yake kubwa si usukani. Kila anayekutana naye atamsimamishia gari, ataegemea dirishani, amuulize za nyumbani, za ng'ombe, za pamba, na muda wote huo uzito uko kwenye tako la kulia.

Jioni hiyo alikisukuma chakula pembeni. Mkewe Klementina alipomhoji akasimulia yote. Klementina akaenda chumbani kufunua godoro. Kitanda chao cha chuma kilikuwa cha marehemu mama yake, cha spiringi za kweli.

"Chukua za upande wangu," alisema. "Zako umeshazilegeza."

"Na wewe utalala wapi?"

"Tutaweka godoro chini, tubanane. Au umenichoka?"

Jumamosi kutwa Mayige alikata, akafupisha, akafunga. Upande wa kulia aliongeza mbili, za kusalimia. Mzee alipokuja akakaa, akaegemea dirishani mara tatu bila hata mtu wa kumsalimia, na kila mara kiti kikamrudisha juu. Alimshika Mayige mkono na hakuuachia upesi.

Jumapili alasiri Mayige na mkewe walikuwa wakitembea kurudi nyumbani, Pijo ikawafikia kwa nyuma. Felisita alikuwa mbele ndani ya kitenge kipya. Deogratias alikuwa kiti cha nyuma, magoti kifuani, mpole kama mkwe.

"Watu wa skrepa nimewaambia wasije," alisema.

Mzee akaegemea nje. "Mwadila, mayu!" alimsalimia Klementina kwa Kisukuma, akimwita mama, na kiti kikalia nywii chini yake.

Klementina aliujua mlio huo tangu utoto. Machozi yakamtoka, na kicheko pamoja nayo.

"Mwadila, baba," akaitikia. "Uende polepole. Umekalia kitanda cha mama yangu."