Sauti ya Jirani
Jirani yangu shati lake halijui pasi, na viatu vyake vimekanyagwa visigino, lakini akishika maikrofoni ya redio yake ya mawasiliano, mke wangu, anayemsikiliza kwa redio ndogo ya jikoni, huacha kukoroga sufuria. Sauti yake hutoka nzito, imejaa. Yangu mimi hukwaruza hadi watu huniomba nirudie. Jana nilimeza kiburi nikampelekea redio yangu. Alifumba macho akasikiliza, akagusa skrubu ya ndani kwa ncha ya bisibisi. "Kaka, wimbi lako lilikuwa linatanuka kupita nafasi yake, ndiyo maana sauti inakwaruza," alisema, taratibu, kama anayenibembeleza. Nilirudi nayo nyumbani, nikajifungia chumbani, nikawasalimu wote waliokuwa hewani. Jikoni redio ikaongezwa sauti. "Baba watoto!" mke wangu akaita. "Njoo umsikie jirani, leo kapendeza zaidi!"