Hatukufika Kwenye Kurejesha

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kasulu: fundi amefariki. Kwa msomaji asiyemjua, huyu ndiye aliyetunza seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua pepe, ya ofisi anayofanyia kazi mdogo wangu wa kike hapa Kibondo, hadi figo zilipomlaza. Sasa linakuja toleo jipya la mtambo huo, na mafunzo yake yanaanza wiki ijayo. Sharti ni moja: anayeingia awe anaelewa la zamani, na atapimwa kwanza. Atakayeshindwa atarudi nyumbani. Mkataba wa mdogo wangu unakwisha mwezi huu, na bila mafunzo hayo huenda usiongezwe. Wa kumfundisha alikuwa huyo mmoja, naye alikuwa kitandani.

Alipokuwa bado hai tulikwenda kwake Kasulu kumjulia hali, na mkungu wa ndizi. Mdogo wangu aliona haya kuuliza. Mgonjwa akamgeukia, akaanza mwenyewe.

"Mama, barua ikitoka Kibondo kuja kwangu, nani anaijua nyumba yangu?"

"Seva, mwalimu."

"Seva ni mjumbe wa nyumba kumi, ijue kila mlango? Yenyewe humuuliza nani?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Basi barua yangu imelala Makere, haijafika Kasulu, inauliza njia!"

Akamweleza kwamba iko seva nyingine inayotunza anwani, na hiyo ndiyo huulizwa kwanza. Jirani mmoja akafoka: "Mnamchosha mgonjwa!"

"Waache, jirani. Nikinyamaza ndipo mjue nimechoka."

Tukawa tunarudi kila Jumapili. Wakamaliza anwani, wakamaliza akaunti za watumiaji na namna ya kuhifadhi nakala za barua. Likabaki moja: kuzirejesha barua hizo seva ikianguka. "Hilo Jumapili ijayo," alisema mzee. Jumanne akafariki.

Makaburini mdogo wangu alinishika mkono. "Kaka, hatukufika kwenye kurejesha."

Nikamkumbuka baba. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika jembe niwalee wadogo zangu. Baba alikuwa amenionyesha kupanda kahawa, lakini kupogolea matawi hakuwahi. Nilijifunza kwa kuiharibu mibuni yake. Ofisi zetu nazo hununua mitambo, kisha ujuzi wote zikauacha kichwani mwa mtu mmoja, mpaka siku anapougua ndipo watu wanatazamana.

Mdogo wangu atakwenda kupimwa akiwa na pengo hilo. Nimemwambia aende hivyo hivyo, na wakimuuliza habari za kurejesha aseme kweli: aliyejua tumemzika. Nawe msomaji, kama unaye mtu anayejua kitu unachokihitaji, mwendee leo. Usingoje Jumapili.