Rangi yangu ya kucha kwenye gari ya Papa Neema

Bamama, leo nilipaka gari rangi ya kucha!

Musicheke kwanza.

Munajua bwana yangu, Papa Neema, na ile gari yake ya zamani anatengenezaka hapa Molenbeek, Bruxelles. Leo alikuwa anafunga nyaya za démarreur, ile inaamushaka moteri.

Alipogusisha batri tu, moteri ikaruka yenyewe! Ufunguo ulikuwa kwenye mufuko yake, na vidole vyake karibu kabisa na mukanda ya moteri.

Nikapiga kelele: « Yesu! »

Yeye: « Waya ni mubaya. »

Waya haikuwa mubaya. Alifunga waya ya batri mahali pa waya ya ufunguo. Fundi mukubwa wa Bukavu! Ni macho yake, hayaonake vizuri tena, na hapendake niyataje.

Bon, nikajifanya mwanafunzi. « Papa Neema, waya ya ufunguo inaendaka wapi? »

« Kwenye kabuloni, kale kachuma kadogo ka kufungia waya, upande wa moteri, maman. »

Akatoa batri, akaenda kunawa. Nikapaka ile waya ya ufunguo na kale kabuloni rangi nyekundu, sawa vile tunapakaka vifuniko vya sufuria kwa matanga, visichanganyike.

Akarudi, akainama, akafunga nyekundu na nyekundu. Akarudisha batri, akazungusha ufunguo. Moteri ikaitika vizuri!

Nikangoja anigombeze. Akaangalia kucha zangu muda murefu.

« Maman Neema, » akasema polepole, « na chupa zangu za dawa, uzipake. »

Alors, amekubali niwaulize: nani anajua muganga wa macho mwenye subira hapa Bruxelles?