Alama Mbili za Fundi wa Chukudu

Nilikuwa nalipenda jedwali langu la alama kuliko nilivyowapenda baadhi ya wanafunzi wangu. Nililichora kwa rula, nikalipigia mistari ya wino mwekundu: mpango wa kazi alama tano, hoja tano, usafi wa kazi tano, bibliografia tano. Jumla ishirini, na hakuna mzazi wa kuja kunibishia. Nafundisha Kifaransa darasa la mwisho la sekondari hapa Goma, na kila mwaka wanafunzi wangu huandika kazi ya utafiti, ile tunayoiita TP. Shuleni kwetu, asiyefikisha kumi katika TP haketi kwenye mtihani wa muhula.

Mwaka huo nilimpa msichana mmoja nane.

Aliandika kwa mkono juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba magunia ya makaa na viazi mjini kwetu. Karatasi yake ilikuwa na doa la mafuta. Nilifika mwisho nikitafuta vitabu, nikakuta orodha ya watu: "Fundi mwenye jicho moja, nyuma ya soko. Mama anayeuza misumari. Msukuma chukudu wa barabara ya Sake. Baba yangu, fundi, Ndosho." Nikachora sifuri ya duara, nzuri kabisa, nikageukia kazi nyingine.

Siku ya kurudisha kazi, alinifuata mezani baada ya wenzake kutoka. Hakulia. Afadhali angelia, maana mimi kwa machozi nina dawa, lakini kwa mtu anayenitazama usoni sina.

"Madame, kitabu ya chukudu haiko," aliniambia. "Niliuliza batu benye banajua. Sasa ningeandika nini?"

"Ungeandika kama wenzako," nikamjibu kwa ukali, nikavuta kazi mbili za juu nimwonyeshe bibliografia ya kweli inavyokaa.

Ya kwanza ilihusu mahari, ya pili mpira wa miguu. Zote mbili zilikuwa zimechapishwa vizuri, zina jalada la plastiki, na zote mbili zilikuwa na vitabu vinne vilevile. Kimojawapo kilihusu magonjwa ya ng'ombe. Nikavuta ya tatu, ya nne, ya kumi. Ng'ombe walikuwa wagonjwa darasa zima, na mimi nilikuwa nimewapa wote tano juu ya tano. Nikaona haya, nikamwambia yule binti aende nyumbani, tutaonana Jumatatu.

Kazi hizo zote zilitoka sekretaria moja kule Katindo, kibanda cha kuchapa na kufotokopi karibu na shule. Nikaingia pale na hasira zangu zote. Ukutani, juu ya mashine, jedwali langu lilikuwa limebandikwa, na mistari yake myekundu.

"Madame, bibliografia tunaiweka bure," yule mwenye kibanda aliniambia, tena kwa furaha, akidhani nimekuja kushukuru. "Mutoto akichapisha TP kwangu, hawezi kukosa zile points tano."

"Na ng'ombe?"

"Ile kitabu iko na jina murefu. Baprof banapenda jina murefu."

Nilitaka kumfokea, kicheko kikanitangulia. Kweli tupu, nilikuwa nimependa jina refu.

Wale wengine niliwafutia zile tano, nikawapa wiki moja waandike vyanzo vyao wenyewe. Bado alibaki yule binti. Watu wake wanne walikuwa na faida moja ambayo vitabu vile havikuwa nayo: ningeweza kuwakuta. Jumamosi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka mtaa wa Ndosho. Mama wa misumari alimkumbuka mara moja. Fundi wa jicho moja alisema mtoto yule anauliza mpaka mtu anasahau nyundo. Msukuma sikumpata, alikuwa barabarani, ndiko kwenye kazi yake. Nikampa binti nne juu ya tano, moja nikaiacha kwa sababu hakuandika siku alizozungumza nao. Nane na nne, kumi na mbili. Amepita, nikajisemea, moyo ukatulia.

Alibaki baba. Sikuwa na haja naye sana, maana baba atasema nini zaidi ya kumsifu mwanawe? Lakini karakana yake ilikuwa palepale, nikaenda kumsalimu.

Alinipa kigogo nikalie. Kazi ilikuwa kwa Kifaransa, basi nikamsomea nikiigeuza Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, naye akisikiliza ameshika randa bila kuisukuma. Nilipofika kwenye magurudumu akainua mkono.

"Rudilia hapo, Madame."

Nikarudia: gurudumu huchongwa mti ukiwa bado mbichi, kwa kuwa ni laini.

"Hapana. Gurudumu ni muti yenye kukauka. Mubichi itapasuka, na mutu iko anashuka na magunia. Nilimuambiaka." Akatikisa kichwa. "Hiyo ni makosa. Utoe points."

"Papa, si lazima..."

"Weye njo mwalimu, lakini chukudu ni yangu. Utoe mbili."

Nilimtazama nikitafuta mzaha usoni pake, sikuuona. Nikatoa kalamu nyekundu, na pale juu ya kigogo nikafuta kumi na mbili, nikaandika hesabu mpya. Alifuata kalamu yangu kwa macho mpaka ikatulia. Ndipo akaniuliza, polepole:

"Na ya kupita ni ngapi?"

"Kumi," nikasema.

"Na yeye sasa iko na ngapi?"

Nikamgeuzia karatasi ajionee. Aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaitazama ile kumi kwa muda mrefu.

"Hiyo njo yake," akasema, akanirudishia.